Kabla ya Kununua Bunduki Mpya: Namna ya Kuchagua Darubini ya Kuwindia

Wanaoniomba ushauri wa vifaa vipya vya uwindaji huanza karibu wote na bunduki, wakamalizia na risasi, na darubini ya macho mawili huitaja mwishoni iwapo kuna fedha iliyobaki. Mimi huwaambia wageuze mpango huo. Katika siku moja ya kufuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji, mwindaji ataweka darubini machoni mara mia na zaidi, na bunduki ataifyatua mara moja au asiifyatue kabisa. Tena risasi ikishatoka hairudi, hali kosa la kumtambua mnyama hutokea kabla ya hapo, machoni. Wanyama wengi wanaowindwa kitalii nchini Tanzania huruhusiwa madume tu, na kwa simba dume hutakiwa awe ametimiza angalau miaka sita. Mambo hayo hayapimwi kwa bunduki.

Anza kwa kuzielewa namba mbili zilizoandikwa kwenye mwili wa darubini, kwa sababu wauzaji wengi huzitaja bila kuzieleza. Darubini ya 8x42 hukuza mara 8, na kila lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha duara la mwanga linalotoka upande wa jicho: milimita 5.25 kwa 8x42, milimita 4.2 kwa 10x42, na kama milimita 2.6 kwa zile ndogo za mfukoni za 8x21. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hufunguka milimita 2 au 3 tu, na ndiyo maana dukani saa sita mchana darubini zote tatu huonekana kuwa sawa na mnunuzi huondoka na ile nyepesi na rahisi. Tofauti hujitokeza jioni, jua likiwa limeshagusa miti na nyati ndiyo kwanza wanatoka kichakani kwenda kunywa maji, wakati mboni imepanuka kufikia milimita 5, au hata 7 kwa kijana. Hapo ile ya mfukoni inaonyesha kivuli chenye pembe, na ile ya 8x42 inaonyesha mnyama. Aliyevuka miaka hamsini asijisumbue kubeba darubini nzito ya 8x56, kwa maana mboni yake kwa kawaida haifunguki tena kiasi cha kupokea mwanga wote huo.

Kosa la pili, ambalo nililifanya mwenyewe, ni kudhani kwamba ukuzaji mkubwa ndio uoni mzuri. Msimu wangu wa kwanza nilijinunulia 12x50. Jioni moja, baada ya kutembea saa tano katika miombo tukifuata madume matatu ya nyati, tuliwakuta wamesimama ng'ambo ya korongo, nikaweka darubini machoni nikiwa bado nahema. Kila pigo la moyo lilikuwa likiwarusha nyati wale juu na chini, na mbung'o mmoja aliyenitua shingoni akamaliza kabisa utulivu uliobaki. Mzee aliyekuwa akituongoza kwenye nyayo alikuwa na darubini kuukuu ya kukuza mara 8, mpira wake umebanduka upande mmoja. Aliegemea mti, akatazama kwa utulivu, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, huyo wa kushoto mwache. Katikati ya pembe zake bado kuna nywele." Alikuwa sahihi: kwa dume lililokomaa vitako vya pembe huwa vimekutana juu ya paji, vigumu na vyenye mikunjo kama gome la mti, na kwa kijana huwa kuna ufa laini wenye manyoya. Mimi nilikuwa na kioo kilichokuza zaidi na sikuuona ufa huo.

Kwa sababu hiyo, kwa anayewinda katika miombo ya Tabora, Katavi au kusini kuelekea Ruvuma, pendekezo langu ni 8x42 bila kusita. Huonyesha eneo la upana wa mita 130 au zaidi kwa umbali wa mita 1,000, jambo linalokusaidia kumpata upesi palahala, swala mkubwa wa misituni, anayepita kati ya miti, na mkono uliochoka unaweza kuitulizia. Ukuzaji wa mara 10 una mahali pake: nyika wazi za Simanjiro na Longido, au kingo za mabwawa ya Moyowosi ambako nzohe, swala wa majimaji, hujificha ndani ya mafunjo, mbali na miguu ya mwindaji. Huko 10x42 inafaa, hasa ukiwa umekaa na viwiko vimeegemea magoti. Zaidi ya mara 10 inahitaji kiegemeo cha miguu mitatu, na sijaona anayetembea nayo porini kwa hiari. Darubini zenye kubadilisha ukuzaji, kwa mfano kutoka 8 hadi 24, ziache dukani. Eneo linaloonekana ni jembamba, mwanga ni hafifu, na mitambo yake hulegea haraka kwa mtikisiko wa gari.

Ukishaamua ukubwa, kagua ubora, na kazi hii inawezekana dukani bila kifaa chochote ila rula. Naam, rula. Sokoni kuna darubini nyingi zilizoandikwa 30x60 au namba za ajabu kuliko hizo, na niliwahi kununua moja kwa ajili ya mdogo wangu, iliyoandikwa 60, nikafika nyumbani nikapima lenzi ya mbele nikakuta haifiki hata milimita 30. Pima kwanza, lipa baadaye.

Kisha ishike mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye ukuta mweupe au anga lisilo na jua, utazame yale maduara mawili ya mwanga kwenye lenzi za jichoni. Yanatakiwa yawe ya mviringo kamili na yang'ae sawasawa hadi ukingoni. Yakiwa yamekatwa pembeni kama mraba wenye kivuli, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyopinda mwanga na kuinyoosha picha, ni za kioo duni. Baada ya hapo igeuze, utazame taa ikijiakisi kwenye lenzi za mbele. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, na darubini ina nyuso nyingi: nyuso kumi tu hukupotezea karibu theluthi ya mwanga wote. Dawa yake ni utando mwembamba wa kuzuia mwako, uliobuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935. Mwako hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema, ila mwako mweupe mkali unaonyesha kwamba hakuna utando. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama kioo cha miwani ya jua huwavutia vijana, lakini zinautupa nje mwanga mwekundu, na manyoya ya kahawia ya mnyama ndani ya nyasi kavu ndiyo yanayoumia.

Hakikisha imejazwa gesi ya nitrojeni au argoni na kuzibwa isiingie maji. Hilo si anasa kwa anayeishi Tanga, Dar es Salaam au popote penye joto na unyevunyevu, kwa kuwa kuvu huota ndani ya lenzi na kuisafisha huweza kugharimu kuliko darubini yenyewe. Anayevaa miwani atafute ambayo jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Kuhusu majina, Swarovski, Zeiss na Leica ndizo za juu kabisa na bei zake zinajulikana. Kwa mfuko wa kawaida, Nikon na Vortex wanazo za daraja la kati ambazo zitakutosha kwa miaka mingi. Ukilazimika kuchagua rahisi, chukua ile pana ya umbo la zamani, ambayo lenzi za mbele zimeachana zaidi kuliko macho, kwani kwa bei ileile huwa na kioo bora kuliko ile nyembamba iliyonyooka.

Usijidanganye kwamba darubini iliyofungwa juu ya bunduki itafanya kazi ya kutafuta. Kila unachokitazama kwa hiyo umekielekezea mtutu, na katika miombo kinachotikisa majani huenda akawa mrina asali.

Nyumbani, irekebishe kabla ya safari. Kunja viungo mpaka maduara mawili yawe moja, funika lenzi ya mbele ya kulia, ulenge kwa jicho la kushoto kwa gurudumu la kati. Halafu funika ya kushoto, ulenge kwa kulia kwa pete ndogo iliyo kwenye lenzi ya jichoni, bila kugusa tena gurudumu. Ning'iniza darubini kwa mikanda ya kifuani inayopita mabegani, si kwa mkanda wa shingoni utakaokuumiza kabla ya saa nne asubuhi. Vumbi lipulize kwanza ndipo ufute, maana punje ya mchanga chini ya shati lako hukwaruza utando. Dawa ya kufukuza mbung'o na mbu yenye kemikali ya DEET huyeyusha mpira na plastiki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuishika. Na ile pete ndogo ukishaipatia, itie tone la rangi ya kucha, ili atakayeiazima na kuizungusha asikupotezee jioni nzima.