Mtaa wenu unajaa watu? Anzeni na njia

Wanatanga wenzangu, mji unakua huu, bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapahapa Chongoleani na watu wanafuata kazi, sasa mkisubiri nyumba zijae ndo mfikirie barabara mmeshachelewa.

Cha kwanza njia. Kabla watu hawajauziana vipande itisheni mkutano wa mtaa, mwenyekiti awepo, mualikeni na afisa mipango miji aje na ramani, mkubaliane barabara ipite wapi na upana gani, gari la zimamoto lipite, la majitaka lipite, halafu wekeni alama za mipaka siku ileile na muhtasari uandikwe watu wasaini. Akija mtu na ukuta wake mnamwonesha karatasi. Tengeni na eneo la shule na zahanati, hilo msiuze hata iweje, kulinunua tena baadae ni pesa ndefu sana.

Maji je? Bwawa la Mabayani, linalotupa maji hapa Tanga, linategemea mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Amani, kwa hiyo anayeharibu kingo za mto anatuumiza wote, na sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, lisemeni hilo mkutanoni jamani msione haya.

Na kwa kuwa watu wanaongezeka, kila familia nayo ijipange, uzazi wa mpango vituo vya serikali ni bure, waende mume na mke pamoja.

Wageni nao wajiandikishe kwa mjumbe mapema na waingie kwenye kamati, maana nao watachangia mtaro.