Lori jipya limezimika njiani: fanya haya kabla fundi hajagusa nati

Mwongozo huu ni kwa mwenye lori la kilomita sifuri kutoka kwa wakala, limezima au limekosa nguvu likiwa bado ndani ya dhamana. La mtumba lina mambo yake mengine. Nachukulia gari liko barabara ya Dar es Salaam–Tunduma, kichwa na tela, mzigo juu.

1. Zima, piga picha

Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, injini izimwe hapo hapo. Dereva asilisogeze "hadi sheli tu", kwa sababu kompyuta ya injini inaweza kuwa imehifadhi kwamba taa iliwaka na gari likaendelea kutembea, na wakala ataanzia hapo. Weka pembetatu, choki (kabari) kwenye matairi, kisha picha: dashibodi swichi ikiwa imefunguliwa, kilomita, msimbo wa hitilafu, namba ya chesisi, mahali panapovuja. Kama bado linawaka bila taa nyekundu, chukua video ya moshi na sauti.

2. Unachoruhusiwa kugusa

Kipimo cha oili, maji, fyuzi, na kiwango cha AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi, kina tangi lake) kama gari linatumia. (AdBlue ikiisha, kompyuta hupunguza nguvu makusudi, hiyo si hitilafu. Na asiwepo wa kuongeza maji mle.) Fundi wa barabarani asifungue kitu kingine, isipokuwa yaliyotajwa hatua ya 3 na ya 5. Nati moja ikiwa na alama ya spana, umeshampa wakala hoja ya kulikataa dai lako.

3. Sampuli ya dizeli

Hapa usiharakishe. Injini ya komon reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa) ikikosa nguvu au kugoma kuwaka, jibu la kwanza la wakala huwa "mafuta machafu", na mafuta machafu hayamo kwenye dhamana. Wakati mwingine ni kweli: mfumo huu husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000, na nafasi ndani ya nozeli hupimwa kwa maikroni, hivyo maji kidogo au vumbi vinatosha kuiua. Ila ukingoja gari lifike gereji, tangi litamwagwa na hutakuwa na cha kubishia.

Tafuta chupa za kioo, safi na kavu kabisa, za lita moja. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa siitaki hata kidogo: tone lililobaki ndani litaonekana kama maji ya kwenye tangi. Jaza tatu kutoka kwenye kizibo cha chini cha tangi, bila kulitikisa gari, kwa kuwa maji hukaa chini. Ukichota juu kwa mpira utapata dizeli nzuri ya kukufariji tu. Futa kizibo kabla ya kukifungua, la sivyo utakusanya udongo wa barabarani na kuuita ushahidi. Chupa ya nne chukua kwenye separeta (chujio la kutenga maji na dizeli). Hii isichanganywe na zile tatu, maana separeta kazi yake ni kukusanya maji, na vijiko viwili vya maji mle havithibitishi kwamba tangi zima ni bovu.

Funga, zungushia karatasi kwenye mfuniko, andikeni tarehe, saa, kilomita na sehemu iliyochotwa, kisha dereva na shahidi wasaini juu ya karatasi. Simamisha chupa usiku kucha kivulini. Kama kuna maji, mstari wake chini utauona kwa macho. Moja mpe wakala kwa saini, moja peleka maabara inayojitegemea, moja baki nayo. Ambatisha risiti za EFD za kila sheli ulikojaza. Bila risiti, sampuli ni nusu ya hoja.

Filta ikibadilishwa, ya zamani ihifadhiwe ndani ya mfuko safi. Na filta mpya isijazwe dizeli kwa kumimina juu: unapitisha uchafu upande ambao ulishachujwa. Tumia pampu ya mkono hadi iwe ngumu.

4. Barua

Simu haihesabiki. Mwandikie wakala siku hiyo hiyo, kwa barua pepe na nakala ya karatasi inayogongwa muhuri: namba ya chesisi na injini, tarehe ya kukabidhiwa, kilomita, dalili, mahali gari lilipo. Ambatisha rekodi ya sevisi ya kwanza na tiketi za mizani. Tiketi ya Vigwaza au Mikumi yenye uzito usiozidi tani 56, na kila ekseli ndani ya kiwango chake, huzima hoja ya "mlizidisha mzigo". Gari la mkopo? Nakala kwa benki. Bima kubwa kwa kawaida hailipi hitilafu ya kimitambo, usipoteze wiki huko.

5. Kuvuta

Propela shafti (mhimili unaotoka giaboksi kwenda magurudumu ya nyuma) ing'olewe kwanza. Injini ikiwa imezima, giaboksi nyingi hazisukumi oili, na kuzungushwa na magurudumu huziunguza. Busta za springi (zinazobana breki upepo ukiisha) zifunguliwe kwa upepo wa gari lingine, au kwa bolti yake ya nyuma, choki zikiwa zimebana. Kwenye mteremko, funga baa ya kuvutia kwanza.

6. Gereji

Soma jobu kadi (karatasi ya kazi ya gereji) kabla ya kusaini. "Check engine" pekee haitoshi. Iandikwe "inazima ikipanda mlima na mzigo". Dai ripoti ya kompyuta kabla haijafutwa, spea za zamani, na maandishi kwamba siku za gari kulala gereji zinaongezwa kwenye dhamana. Majaribio yafanyike na mzigo.

7. Ikirudia

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inakupa haki ya kukataa bidhaa isiyo na ubora unaokubalika kibiashara, lakini haki hiyo hupotea ukishaikubali, na kukaa nayo muda mrefu bila kusema kitu huhesabiwa kuwa umeikubali. Kwa hiyo kila hitilafu iwe na barua yake. Ukiamua kulikataa gari, mwandikie wakala barua ya wazi, lipaki, na usilipakie tena mzigo hata kwa safari moja fupi. Ukiendelea kulifanyia kazi, utabaki na madai ya fidia tu, na hapo ni wakili, si fundi.