Kuchagua Oili ya Giaboksi na Klachi kwa Pikipiki Kuukuu ya Tu-stroki

Pikipiki ya tu-stroki hutumia oili mbili zisizopaswa kukutana. Oili ya 2T huingia kwenye injini pamoja na petroli na kuungua humo, ilhali ile ya giaboksi hubaki chini, ikilainisha gia na kuzilowesha plati za klachi. Kwa hiyo, kumimina 2T ndani ya giaboksi kwa hoja kwamba chombo chenyewe ni cha tu-stroki ni kukosea matumizi ya oili hiyo.

Kwa kuwa giaboksi hii haipokei masizi ya mwako, anayeamua aina ya oili ni klachi. Plati zake hushikana zikiwa ndani ya oili, na oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa, kama 0W-20 na 5W-30, zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Viungo hivyo huweza kuifanya klachi iteleze: injini inavuma, mwendo hauongezeki, na mtu anayepanda mlima kutoka Muheza kwenda Amani ataliona hilo mapema kuliko anayezunguka Ngamiani, mjini Tanga. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili) MA au MA2, ambayo huonyesha kwamba oili imepimwa kwa klachi ya namna hii. JASO MB, ambayo ni ya oili ya msuguano mdogo, iache, hata ikiwa ni ya bei ya juu, na alama za FB, FC na FD zisikuchanganye, kwani hizo ni za 2T.

Kuhusu uzito, yaani wepesi au unene wa oili unaoonyeshwa kwa namba za SAE, vitabu vya Yamaha vya miaka ya 1980 aghalabu vilitaja SAE 10W-30, na vya Suzuki 20W-40. Namba iliyo kabla ya W huhusu baridi, jambo lisilo na umuhimu mkubwa katika joto la Tanga. Hivyo 10W-40 au 20W-40 yenye JASO MA inafaa kwa pikipiki nyingi za aina hii. Ikikosekana, oili ya injini ya SAE 30 au 40 isiyo na viungo vya kupunguza msuguano ni afadhali kuliko oili ya kupima kutoka dumu lisilo na jina.

Oili ya gia ya SAE 90 inahitaji tahadhari, ingawa si kwa sababu inayotajwa sana, kwamba ni nzito mno. Namba zake ni za kipimo kingine, na kwa uzito inakaribia SAE 40 au 50 ya injini. Hatari iko kwenye daraja la GL-5, kwa kuwa viungo vyake vya salfa na fosforasi huweza kula bushi za shaba, na havikutengenezwa kwa ajili ya plati za klachi.

Mwaga oili kuukuu injini ikiwa na moto kidogo, kisha jaza kiasi ambacho mara nyingi kimeandikwa kwenye kifuniko cha klachi. Oili iliyotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ibadilishe tena baada ya safari fupi. Klachi ikiteleza hata kwa oili sahihi, hakikisha kwanza kwamba mkono wake una uhuru wa milimita 2 hadi 3, kisha kagua plati na springi. Lakini oili ikipungua bila kuvuja nje, huku bomba likitoa moshi mzito, tatizo ni sili ya krenki upande wa klachi, ile inayozuia oili ya giaboksi isivutwe ndani ya injini, na hakuna kopo la oili litakaloliondoa.