Bakteria nao wanataka mlo kamili

Wenzangu wa Dodoma mnaosindika zabibu, msimu ukifika yale maji ya kuoshea matangi ya mvinyo yana sukari kibao ila naitrojeni na fosforasi karibu hamna, sasa bakteria kwenye bwawa la kusafishia majitaka, lile la kupulizia hewa, wanakula sukari tupu, wanaota nyuzinyuzi, tope lao linaelea badala ya kutulia chini na maji yanatoka machafu. Jamani msikimbilie kununua bakteria wa kopo! Kila kilo 100 za BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kuula uchafu ulio majini, ndiyo kipimo cha uchafu huo) zinataka naitrojeni kilo 5 na fosforasi kilo 1, yani kama DAP kilo 5 na urea kilo 9, mbolea zilezile za shambani. Yeyusha kwanza, weka kidogokidogo kila siku. Na pH (kipimo cha asidi) pia, hayo maji ya kuoshea matangi yana asidi, yasogeze karibu na 7 kwa chokaa kabla hayajaingia bwawani.