Somo: Penseli na daftari moyo ukiwa mzito

Julai ndiyo hii, mawingu yameshuka Moshi nzima, Kibo haionekani, na wengi tumenuna bila sababu. Leo tunahitaji daftari la shule na penseli tu. Rangi za bei mbaya zisubiri.

Hatua ya 1: Chora kilicho mbele yako. Usianze na huzuni yako. Watafiti Jennifer Drake na Ellen Winner wa Marekani waliona kwamba waliochora kitu kingine kabisa walichangamka kuliko waliochora huzuni yenyewe. Chukua ndizi mshare moja. Itazame kuliko unavyotazama karatasi: ncha iliyokauka, kingo zake, doa jeusi ilipogongwa kwenye tenga. Fuata ukingo polepole. Kifutio kiweke mbali, maana ukianza kufuta umeanza kujihukumu.

Hatua ya 2: Andika dakika 15, siku tatu au nne mfululizo. Utaratibu huu aliuanzisha mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, miaka ya 1980. Andika linalokusumbua, kwa lugha unayogombia: Kichagga, Kimeru, yoyote. Tahajia haina kazi hapa. Ukimaliza unaweza kujisikia vibaya kidogo. Kwa kawaida hupita. Ila kurudia jambo lilelile miezi na miezi ni kutonesha kidonda, mimi siungi mkono.

Hatua ya 3: Karatasi ni yako. Tunza au chana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mimi kuchora sijui, kuku wangu shuleni alifanana na buli.*

Marahaba mdogo wangu. Kuku huyohuyo anatosha. Mwaka 2016, utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel ulionyesha kuwa dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika picha zilishusha kotisoli, homoni ya msongo, kwa washiriki wengi, wazoefu kwa wasio wazoefu.

*Tunalala wanne chumba kimoja, daftari litasomwa!*

Andikia kwenye karatasi moja moja, usitaje majina, kisha iishie jikoni kuwashia mkaa.

*Mama hatoki kitandani wiki ya tatu sasa, chakula hataki. Nimpe daftari?*

Hapana, mwanangu. Mpeleke hospitali: Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Akitamka habari za kujidhuru, nendeni leo hii, na asiachwe peke yake.