Somo: Kulisaka duara hatari la mteremko kwa kundi la chembe

Mteremko unapoporomoka, udongo huteleza juu ya uso uliojificha chini. Kila uso unaowezekana una kipimo chake cha usalama: nguvu ya udongo kuzuia, gawanya kwa nguvu inayousukuma. Tunatafuta wenye kipimo kidogo kuliko yote. Hapa tunauchukulia uso kuwa kipande cha duara, na tunauachia msako kundi la chembe: majaribio mengi yanayosogea pamoja na kujifunza kutoka kwa mengine.

Mfano wetu: kimo mita 10, mlalo mita 20, mshikamano (udongo unavyojishika wenyewe) kilopaskali 3, pembe ya msuguano (punje zinavyokwaruzana) nyuzi 19.6, uzito kilonewtoni 20 kwa mita ya ujazo, hakuna maji. Huu ni mteremko wa majaribio uliotumika Australia mwaka 1989, na jibu lake linajulikana: 1.00. Programu yako isipokaribia hapo, tafadhali usiipeleke saiti. Watu hujenga chini ya miteremko hii.

Hatua ya 1. Andika kwenye programu fomula ya Bishop ya 1955, inayokokotoa kipimo cha usalama cha duara moja. Kata udongo ulio juu ya duara vipande 30 vya wima. Kipimo kinachotafutwa kipo pande zote mbili za fomula, kwa hiyo anza na 1, kokotoa, rudisha jibu ndani, hadi tofauti iwe chini ya 0.001.

Hatua ya 2. Wengi hutafuta kitovu na rediasi. Naona ni kujitesa, maana maduara mengi hayataugusa hata mteremko. Tafuta duara linapoingia juu, linapotokea chini, na kina chake katikati. Kitovu utakipata kwa jiometri.

Hatua ya 3. Tawanya chembe 30. Kila moja ni duara moja. Kila raundi chembe huvutwa na mwendo wake wa awali (0.73), mahali pazuri ilipowahi kufika (1.5) na mahali pazuri palipofikiwa na kundi zima (1.5). Hizo mbili za mwisho zidishe kwa namba za bahati nasibu kati ya 0 na 1. Raundi 100 zinatosha.

Hatua ya 4. Duara lisilowezekana lipe kipimo cha 50. Kundi litalikimbia.

Hatua ya 5. Rudia yote mara 10. Majibu yakipishana, chembe zimenasa kwenye bonde dogo, yaani jibu linaloonekana dogo kuliko ya jirani zake tu, si kuliko yote. Ongeza idadi yake.

MASWALI

– Mkuu, kwa nini nisijaribu maduara yote tu?
Kwa duara unaweza: thamani 50 kwa kila kimoja cha vigezo vitatu vya Hatua ya 2 ni maduara 125,000, kompyuta inamudu. Uso usio duara wenye nukta 10 ndio hauwezekani hivyo.

– Kwenye mchanga mtupu napata utando mwembamba juu juu. Nimekosea?
Hujakosea. Bila mshikamano wala maji, kipimo ni tanjenti ya pembe ya msuguano, gawanya kwa tanjenti ya pembe ya mteremko: nyuzi 34 kwenye mteremko huu ni 1.35. Weka kikomo cha kina, ili duara lisiwe jembamba kuliko hapo.

– Kaka, kingo za barabara ya Mombo–Lushoto husimama kiangazi chote, masika zinaanguka. Algorithimu itaonyesha?
Ukiipa maji, ndiyo. Udongo mkavu kiasi hujishika kwa mfyonzo, yaani maji kidogo kati ya punje huzivuta pamoja, na mvua huuondoa. Endesha mara mbili: kwanza kwa udongo mkavu, kisha kwa vipimo vya udongo uliolowa na shinikizo la maji, halafu sanifu kwa jibu la masika.