Modemu haikonekti? Sikiliza kwanza imekwamia wapi

Kabla hujafomati mashine na kabla hujamwita fundi aje akuchaji hela ya bure, washa sauti ya modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na intaneti kwa kupiga simu kwenye laini ya mezani. Najua wengi mmeizima kwasababu ile kelele usiku inaamsha nyumba nzima, ila ile kelele ndo inayokwambia tatizo liko wapi, na sisi wa kampuni ya intaneti tunaopokea simu za wateja kutwa nzima swali letu la kwanza ni hilohilo, umesikia nini? Nenda Kontroli Paneli, sehemu ya modemu, uvute ile slaida ya sauti, ikigoma andika ATM1 kwenye kisanduku cha amri za ziada.

Mfululizo uko hivi: modemu inanyanyua laini, inasubiri toni (ule mlio wa laini unaousikia ukinyanyua simu), inapiga namba, modemu ya huku kwetu inapokea, zinapigiana makelele, kimya, halafu Windows inatuma jina na pasiwedi. Kila hatua ina ugonjwa wake na mwingi wao kufomati hakuutibu.

Ukipata namba ya kosa 680 kwenye skrini maana yake modemu haijasikia toni. Chomoa waya kwenye modemu uchomeke kwenye simu ya kawaida, waya uleule, usichukue mwingine maana hapo utakuwa hujapima kitu. Toni ikiwepo, angalia ulikuwa umechomeka tundu gani, modemu nyingi zina mawili, la laini linaenda ukutani na lenye alama ya simu ni la kuchomekea simu. Kama yote yako sawa na bado inasema hakuna toni, labda toni yako imebadilika, mfano una ujumbe wa sauti haujausikiliza na mlio unakatakata, au uko ofisini nyuma ya switibodi (mtambo unaogawa laini za simu za ofisi). Ongeza X3 kwenye zile amri, hapo modemu itapiga bila kusubiri toni. Kama lazima upige 9 kupata laini ya nje andika 9 halafu mkato, kila mkato modemu inatulia kama sekunde 2. Halafu aisee, usichomeke modemu kwenye laini ya switibodi ya kidijitali, inaweza kuungua palepale, tumia laini ya faksi.

Ikiwa husikii chochote kabisa na unapata 630 au 692, modemu yenyewe haijibu. Ya nje izime, hesabu kumi, washa. Ya ndani nenda kwenye diagnostiki (kipimo cha modemu humohumo Kontroli Paneli) umuulize, akijibu OK yupo hai. Kwenye mashine za zamani COM1 na COM3 (milango ya kuunganisha vifaa) zinatumia IRQ moja (laini ambayo kifaa kinaitumia kuiita kompyuta), 4, na COM2 na COM4 zinatumia 3, kwahiyo ukiona mausi inaganda kila modemu ikianza kupiga ujue mausi iko COM1 na modemu iko COM3, hamisha mmoja. Na kama jana usiku kulikuwa na radi, pole sana, radi inaingia kwa waya wa simu inaua modemu na kompyuta inabaki nzima, masika hii chomoa waya wa simu na sio wa umeme peke yake.

676 ni laini bize, jaribu tena, saa mbili usiku kila mtu yuko huko. 678 ni kwamba hakuna aliyepokea, hakikisha namba, na hakikisha Windows haijakuongezea namba ya mji (area code) wakati wewe uko mjini humohumo.

Sasa tuje kwenye makelele, hapa ndo kesi nyingi zipo. Zile modemu mbili zinapatana spidi kama watu wanaopatana bei sokoni, zinaanzia juu zinashuka mpaka zikutane. Ukisikia zinaanza, zinarudia, zinarudia tena halafu inakata, laini yako ni chafu. Jipime mwenyewe, nyanyua simu, bonyeza namba moja tu, mfano 1, ile toni itakatika na unatakiwa usikie kimya. Ukisikia mikwaruzo au mvumo kama redio isiyoshika stesheni, hiyo ndo sauti modemu yako inapigania nayo. Anzia ndani ya nyumba kwanza. Fungua kile kiboksi cha ukutani, huku pwani chumvi inakula shaba mpaka inakuwa na kutu ya kijani, na sisimizi wanapenda sana kuhamia humo, safisha, kaza skrubu, toa zile ekstensheni ndefu zilizopita chini ya zulia. Ikibaki hivohivo toa taarifa kampuni ya simu, ila ukiwapigia sema simu ina mikwaruzo hata ukiongea, usitaje intaneti maana watakurudisha kwetu na sisi tutakurudisha kwao.

Wakati unasubiri wao waje, shusha spidi kwa makusudi. Modemu ya V.90 (kiwango cha modemu za spidi kubwa) inajitahidi ifike 56k (kilobiti 56 kwa sekunde), na hiyo inawezekana tu kama laini ni safi na njiani hamna switibodi ya kugeuza mawimbi mara ya pili. Andika +MS=V34 kwenye kile kisanduku cha amri, itabaki kwenye 33.6 kushuka chini (modemu zingine zina amri yao, angalia kitabu chake). 28.8 inayokaa saa nzima ni bora kuliko 44 inayokatika kila dakika tano, mi ndo ningechagua hiyo. Pia S10=50 inaiambia modemu ivumilie sekunde 5 ikipoteza mawimbi kabla haijakata, kawaida inavumilia kama sekunde moja na nusu hivi. Halafu msijisifu na ile 115,200 mnayoiona kwenye skrini, hiyo ni spidi kati ya kompyuta na modemu, haihusiani na laini.

Inayokatika ghafla wakati laini ni safi mara nyingi ni mtu kanyanyua simu ya sebuleni, au ni ile huduma ya simu inayosubiri, mlio wake unaichanganya modemu. Waulize kampuni ya simu namna ya kuizima. Na kama inakata baada ya dakika zilezile kila mara, hiyo ni mipangilio ya Windows inakata ukikaa kimya.

Makelele yameisha vizuri halafu ikaja 691? Laini na modemu havina kosa, waache. Ni jina, pasiwedi, au mwezi umeisha hujalipia. Angalia Caps Lock. Kama ulikatika dakika moja iliyopita, seva inaweza kudhani bado uko ndani na ikakukatalia, kanywe maji urudi. 720 ni TCP/IP (lugha ambayo kompyuta zinaongea kwenye intaneti), iondoe uiweke upya, na NetBEUI na IPX, lugha za mitandao ya ofisini, zitolee tiki, hazina kazi huku.

Umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki: fungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri, piga ping (amri ya kuuliza kama kompyuta nyingine inajibu) kwa namba ya seva yetu iliyoko kwenye karatasi uliyopewa, halafu kwa jina. Namba ikijibu na jina lisijibu ni DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa namba), weka ichukue yenyewe kutoka kwa seva. Vyote vikijibu basi ni brauza, kuna proksi (seva ya kupitishia kurasa) ya ofisini umeisahau humo, au imewekwa iwe nje ya mtandao.

Sababu nyingine ya kuacha sauti ni vile viprogramu vinavyojiweka vyenyewe na kubadilisha namba ya kupiga, modemu inapiga nje ya nchi wewe hujui mpaka bili ije. Ukisikia modemu inapiga wakati hujaiambia, chomoa waya kwanza, maswali baadaye.

Ukishindwa tupigie, ila kwa simu ya mkononi, hatuwezi kuongea na wewe huku modemu inapiga kwenye laini hiyohiyo (mnacheka lakini inatokea kila wiki). Uwe umekaa mbele ya mashine, na hiyo namba ya kosa umeiandika, usiseme tu "imeandika kitu kirefu cha kizungu nikafunga".